Kuchaji gari ya umeme: anza na uniti, ndo uje kwenye kilowati

Kila mtu akianza kuulizia gari ya umeme swali la kwanza ni hilohilo, inachukua muda gani kujaa? Na hilo halijibiki mpaka ujue vitu viwili, betri ni ya uniti ngapi na unachomeka wapi.

Uniti ni hii hii ya Luku unayoijua, ukishaingiza zile namba 20 kwenye mita kinachoongezeka ni uniti na uniti 1 ndo kilowati-saa 1, hakuna tofauti yoyote. Betri ya gari inapimwa hivyohivyo. Nissan Leaf za mwanzo zilitoka na betri ya uniti 24, baadaye zikaja za 40. Yaani chukulia ni pipa la uniti 40. Kilowati sasa ni kasi ya bomba linalojaza hilo pipa, bomba la kilowati 2 linaingiza uniti 2 kwa saa, la kilowati 50 linaingiza 50. Hivi vitu vinachanganywa kila siku hadi na wauzaji, utasikia "hii ina kilowati 40" kumbe anaongelea betri.

Tuje kwenye soketi ya nyumbani, hii yetu ya miguu mitatu. Imeandikwa 13A, ila waya mwingi wa kuchajia gari unavuta kama 10A tu kwa usalama, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kilowati 2.3. Ukichomeka saa 2 usiku ukachomoa saa 12 asubuhi ni masaa 10, Luku imekatwa uniti 23, zingine zinapotea kama joto njiani, betri inapata kama 20. Kwa Leaf inayoendeshwa taratibu mjini hizo ni kama kilomita 120, mtu wa kwenda kazini na kurudi anapata siku mbili tatu humo. Kupiga hesabu ya hela ni kuzidisha tu uniti kwa bei yako. Kenya wenzetu waliwekewa bei maalum ya kuchaji magari mwaka 2023, shilingi 16 za Kenya kwa uniti na 8 kwenye masaa ya usiku kabla ya kodi, na mimi naona ni jambo la maana sana, kila nchi ingefanya hivyo.

Ila hapo kwenye soketi naomba tuelewane. Jagi la umeme nalo linavuta karibu hivyohivyo lakini linachemsha dakika chache linazima, gari inavuta masaa 10 bila kupumzika. Jirani yangu alichajia gari kwenye ile ekstensheni nyembamba ya tivii, siku ya tano tukasikia harufu, tukakuta plagi imegandia kwenye soketi na ukiivuta plastiki inanyooka kama jojo. Ashukuriwe Mungu haikufika kwenye pazia. Usitumie ekstensheni kabisa, mwite fundi umeme avute waya mnene kutoka kwenye main switch, uwe na breka yake peke yake, na ahakikishe ethi inafanya kazi kweli.

Kingine kinachowachanganya watu ni AC na DC. Umeme wa ukutani ni AC, yaani unaenda na kurudi, betri inatunza DC, yaani unaoenda upande mmoja tu, kwahiyo lazima kuwe na kifaa cha kugeuza, na hicho kipo ndani ya gari, kama tu adapta ya laptop ila hii imefichwa kwenye bodi. Kile kiboksi kwenye waya unachokiita chaja kazi yake ni kulinda na kuwasha au kuzima. Ndo maana gari yenye kigeuzi cha kilowati 3 hata uipeleke kwenye mashine ya AC ya kilowati 22 itakula 3 zake tu. Chaji ya haraka ni DC, kigeuzi kinakaa nje, kwenye kabati kubwa kama friji, umeme unaingia kwenye betri moja kwa moja. Leaf za Japani zinatumia plagi ya CHAdeMO, jina ambalo Wajapani wanalihusisha na msemo wao wa kumkaribisha mtu chai, yaani kunywa kikombe gari ikijaa. Za Ulaya zina CCS2, za China nyingi zina GB/T, haziingiliani, kwahiyo ulizia tundu kabla hujatuma hela.

Na chaji ya haraka haiendi kasi ileile mpaka mwisho. Daladala tupu watu wanajitupia tu kwenye siti, ikikaribia kujaa konda anaanza kupanga mmoja mmoja. Betri nayo ikipita asilimia 80 inapunguza yenyewe isijiumize, toa gari mwachie mwenzako. Leaf ya uniti 24 au 40 haina maji ya kupooza betri, na kwa joto la Dar ukiipiga chaji ya haraka mara kwa mara inachoka mapema. Ukienda kununua ya mtumba angalia vijiti 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, vile vyembamba vya pembeni kabisa, ukikuta vimebaki 9 basi ile betri ya uniti 24 sasa hivi ni kama ya 17.