Je, wajua kwa nini fundi wa boti hakimbilii kukata mataruma (mbao za kiunzi cha boti) anapofunga injini ya ndani?

Mtu aliyezoea boti za Kibirizi, Kigoma, zenye injini ya kuning'inizwa nyuma, anaweza kudhani kwamba kufunga injini ya ndani ni suala la nafasi tu: taruma likizuia, likatwe. Fundi makini hafanyi hivyo. Sehemu ya chini ya taruma, inayopita juu ya mkuku (ubao mkuu wa chini unaopita katikati ya boti), ndiyo inayoufunga ubavu wa kulia, wa kushoto na mkuku wenyewe kuwa kitu kimoja, na kwa bahati mbaya ni hapohapo injini inapotaka kukaa.

Propela husukuma maji nyuma, nayo maji huisukuma shafti (mhimili wa propela) mbele. Shafti huisukuma giaboksi, na giaboksi, kupitia miguu ya injini, huzisukuma mbao inazolalia. Boti nzima, pamoja na shehena yake, husukumwa kupitia mbao hizo mbili. Ndiyo maana kinachochongwa kwanza si taruma, bali ni mbao hizo: hulazwa kutoka tezi (nyuma) kuelekea omo (mbele), moja kila upande wa mkuku, na upande wake wa chini hutobolewa mapengo ili zikae juu ya kila taruma, kisha hukazwa kwa bolti. Kadiri zinavyorefuka kupita urefu wa injini, ndivyo mataruma mengi zaidi yanavyogawana msukumo na mtetemo. Kuzifupisha ili kuokoa ubao wa mninga ni ubahili wa hasara, kwa sababu mtetemo ukikusanyika mahali pamoja, kalafati (pamba inayoziba nafasi kati ya mbao) hulegea na maji huingia.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikigonga taruma, fundi huweza kuisogeza injini mbele au kuiinua. Hata hivyo, kuiinua upande wa mbele huongeza mwinamo wa shafti, na watengenezaji wa injini huweka kikomo, mara nyingi karibu nyuzi 15, kwa kuwa oili ikijikusanya upande mmoja pampu inaweza kuvuta hewa. Pasipo njia nyingine, taruma hukatwa, lakini baada ya kuongezwa mataruma wenza pembeni yake, yanayopita mbali kuliko mkato.

Kulinganisha injini na shafti hukamilishwa boti ikiwa majini, kwa sababu mbao zikifura na maji yakiibeba boti, umbo lake hubadilika kidogo kuliko lilivyokuwa ufukweni. Fundi hufungua bolti za kaplini (kiungo cha giaboksi na shafti), huzikaribisha nyuso zake mbili, kisha hupitisha filageji (vibati vyembamba vya kupimia pengo) juu, chini, kulia na kushoto. Kwa kaplini yenye kipenyo cha milimita 100, tofauti ya pengo haipaswi kuzidi takriban milimita 0.1. Pengo la chini likiwa kubwa kuliko la juu, mbele ya injini iko juu mno. Hapo hupunguzwa vipande vya bati chini ya miguu ya mbele, na kipimo hurudiwa.