Kupamba kompyuta: yanayosemwa Arusha na yalivyo kweli

"Picha kubwa ya ukutani, ile inayokaa nyuma ya ikoni, inaipa kompyuta uzito." Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, hasa kwenye ofisi za utalii, ambako picha za Kilimanjaro na Ngorongoro hutoka moja kwa moja kwenye kamera zikiwa na pikseli (nukta za picha) 6000 kwa 4000 na megabaiti 10 au zaidi. Windows hujitengenezea nakala yake ya picha unayoiweka, na ikiwa ni JPEG, aina ya faili inayotolewa na kamera nyingi, huishusha ubora hadi asilimia 85. Kinachochorwa mwishoni hakizidi pikseli za kioo chenyewe. Laptopu nyingi za mtumba zina kioo cha 1366 kwa 768, na picha ya kukijaza huchukua takribani megabaiti 4 za kumbukumbu, iwe ya twiga au ya kilele cha Kibo. Mzigo huo ni mdogo mno kuweza kuikwamisha mashine.

Tatizo halisi la picha hizo ni umbo. Picha ya kamera ina uwiano wa 3 kwa 2, kioo kina 16 kwa 9. Ukichagua "Fill", yaani picha ijaze kioo kizima, takribani pikseli 625 za kimo hukatwa, na mara nyingi kinachopotea ni kilele. Kata picha mwenyewe kwanza kwa Paint, ukichagua sehemu unayotaka ibaki, kisha bonyeza Ctrl na W uipunguze hadi vipimo vya kioo chako.

Picha inayocheza kama video ni jambo jingine kabisa. Hiyo hufanya kazi muda wote, hula betri na kuipa prosesa kazi isiyo na faida. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc ifunguke Task Manager, uone inatumia asilimia ngapi, kisha uamue.

"Zima madoido yote (miondoko na vivuli vya madirisha), mashine itapaa." Kwenye laptopu yenye rami (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, kuzima madoido husaidia kidogo tu, kinachoichelewesha hasa ni diski, na dawa yake ni SSD, diski isiyozunguka. Hata hivyo, kama unataka kupunguza, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika SystemPropertiesPerformance, uondoe tiki kwenye miondoko ya madirisha. Usichague "Adjust for best performance" ukaishia hapo. Chaguo hilo huondoa na ulaini wa herufi, na vijipicha vya mafaili, na kivuli cha maandishi ya ikoni. Bila kivuli, majina meupe ya ikoni juu ya theluji ya Kibo hayasomeki. Rudisha tiki hizo tatu.

"Rangi nyeusi inaokoa betri." Kwenye kioo cha OLED, ambacho kila pikseli hutoa mwanga wake, ndiyo, kwa sababu pikseli nyeusi huzimika. Laptopu nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina LCD, ambayo taa yake ya nyuma huwaka ileile hata kioo kikiwa cheusi tii. Umeme ukikatika na betri ni ndogo, punguza mwangaza. Rangi nyeusi itumie kama inakupumzisha macho. Hiyo ni sababu tosha.

"Herufi ni ndogo, shusha resolusheni (idadi ya pikseli zinazoonyeshwa)." Hapa watu wengi hujiharibia kioo kizuri. LCD ina idadi maalumu ya pikseli. Ukishusha, pikseli moja ya picha hulazimika kutandazwa kwenye zaidi ya moja ya kioo, na kila herufi huwa na ukungu. Acha resolusheni iliyoandikwa "Recommended", kisha kwenye "Scale" panda hadi asilimia 125. Zikiwa bado hazijakaa sawa, andika cttune, kifaa cha Windows cha kunoa herufi, kwenye utafutaji, uchague mfano unaokusomekea vizuri.

"Windows isiyosajiliwa haibadiliki picha bila kuweka kraki (programu ya kuvunja leseni)." Ni kweli ukurasa wa "Personalization" hufungwa. Lakini fungua folda ya picha, bofya kulia juu ya picha, chagua "Set as desktop background", na picha itabadilika. Kraki zinazosambazwa kwa flashi ni njia kubwa ya virusi, na kumwingiza mwizi ndani kwa ajili ya pambo la ukutani ni hasara tupu.

Dhana ya mwisho ndiyo inayowaumiza watu kuliko zote: kwamba themu (pambo zima la Windows) yoyote ya mtandaoni ni rangi na picha tu. Zenye mwisho wa .themepack au .deskthemepack hufunguliwa na Windows yenyewe bila kuongeza programu. Zile zinazokutaka kwanza uweke programu ya kubadili faili la uxtheme.dll, linaloongoza mwonekano wa Windows, zinagusa sehemu ya ndani ya mfumo. Sasisho la Windows likija hulirudisha faili la asili au kuleta toleo jipya lisilopatana na themu, na hapo unaweza kuwasha mashine ukakuta kioo cheusi.

Kabla ya kujaribu themu ya namna hiyo, bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda "System Protection". Mara nyingi ulinzi huo huwa umezimwa, kwa hiyo uwashe kwa "Configure", kisha bofya "Create" kuweka alama ya kurejea (restore point), ambayo mashine inaweza kurudishwa kwayo mambo yakiharibika. Kama umeshachelewa na mashine bado inaingia, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika sfc /scannow, usubiri ifike asilimia 100 bila kuizima. Itarudisha faili la asili. Kwa kuwa umeme hukatika, chomeka chaji na uhakikishe betri imejaa kabla hujaanza.