Msumeno wa Betri: Chomoa Betri Kwanza

Fundi aliyezoea msumeno wa diski wenye waya wa umeme ana tabia moja nzuri ambayo pengine hata hajui kuwa anayo: akitaka kubadilisha diski, lile duara la chuma lenye meno, anachomoa plagi. Waya wenyewe humkumbusha, maana upo pale miguuni unamkera. Msumeno wa betri hauna cha kumkumbusha. Umeme wote umo kiganjani mwake. Mashine iliyolala kimya juu ya benchi huweza kuzunguka mara tu swichi itakapobonyezwa.

Katika karakana yetu ya mafunzo nilimkuta mwanafunzi akichokonoa kipande cha mbao kilichonasa kwenye diski, huku mkono wa pili umekamata mpini na kidole kimekaa kwenye swichi. Kitufe cha usalama ndicho kilichomwokoa. Tangu siku hiyo tuna kanuni moja isiyojadiliwa: ukitaka kugusa diski, kurekebisha kina cha mkato, kusafisha au kumpa mwenzako mashine, betri inatoka kwanza na kuwekwa mahali inapoonekana.

Msiudharau msumeno huu kwa sababu ni mdogo. Diski ya milimita 165 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha ya jino husafiri takribani mita 43 kwa sekunde, yaani kama kilomita 155 kwa saa. Ni karibu mara mbili ya mwendo wa kilomita 80 ambao basi la mkoani huruhusiwa. Mkono hauwahi kukwepa.

Hatari kubwa kuliko zote ni mashine kuruka na kurudi kwa fundi, na mara nyingi chanzo chake ni namna mbao ilivyolazwa. Chukua ubao mrefu wa paina, uweke juu ya stuli mbili, kisha ukate katikati. Kadiri diski inavyosonga, ubao unabonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mkato unajifunga na kuibana diski. Meno ya nyuma ya diski yanashuka kwa kasi, hivyo yakibanwa yanaisukuma mashine juu na kuirusha nyuma, kuelekea paja na tumbo. Mbao mbichi hujifunga hivyo hivyo hata ikilazwa vizuri, na paina nyingi hufika sokoni kabla haijakauka sawasawa.

Dawa yake ni rahisi. Laza ubao juu ya vipande vinne vya mbao, viwili kila upande wa mkato, ili pande zote zibaki zimetulia baada ya kukatika. Kama unapunguza ncha tu, iache ining'inie na ianguke yenyewe. Funga ubao kwa klampu, usiukanyage kwa mguu. Shika mashine kwa mikono miwili, na usimame pembeni kidogo ya mstari wa mkato. Diski ikianza kulalamika au kugoma, achia swichi na usubiri isimame kabisa ndani ya mbao. Usiivute nje ikiwa inazunguka.

Kina nacho kina maana yake. Ubao wa milimita 25 unahitaji diski itokeze chini kwa milimita 5 hivi, basi. Wapo wanaoishusha yote ili wasisumbuke kuirekebisha kila mara. Hapo diski inayobanwa ni kubwa zaidi, na sehemu iliyo wazi chini ya ubao, pale ambapo vidole hupita bila kuonekana, ni kubwa zaidi pia.

Sasa gadi, ile kava ya chini inayojifungua mbao inapoisukuma. Nimeshaona imefungwa kwa waya wa kuning'inizia nguo, imekwamishwa kwa kabari, hata imeng'olewa kabisa, eti inachelewesha kazi. Tafadhali msifanye hivyo. Gadi inayochelewesha kazi ni gadi chafu. Utomvu wa mbao na vumbi huganda kwenye springi yake, nayo inakuwa nzito. Kila asubuhi, betri ikiwa nje, vuta kile kishikio chake kidogo hadi mwisho, kisha uachie. Lazima irudi yenyewe kwa kishindo kidogo, “tap!”. Ikirudi kivivu, isafishe kwa brashi kavu na ujaribu tena. Usiipake oili, maana oili hukusanya vumbi zaidi. Ikikataa bado, mashine isitumike hadi springi ibadilishwe.

Diski yenyewe ifungue kwa ufunguo wake wa pembe sita, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe. Utomvu ukitoka, mara nyingi utagundua diski uliyodhani imekufa bado inakata. Yenye ufa au jino lililong'oka itupwe.

Betri za lithiamu haziivani na joto. Usiziache ndani ya gari juani wala juu ya rafu chini ya bati. Ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuchaji, na isichajiwe juu ya maranda wala usiku watu wakiwa wamelala. Iliyovimba au kupasuka isichajiwe tena, na usiifungue kupanga upya seli, zile betri ndogo za ndani.

Miwani ya kinga na vizuia kelele ni vya kila mkato. Barakoa pia: tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Glovu zilizolegea na mikono mirefu ya shati viwe mbali na diski.

Na ajali ikishatokea, kidole kikakatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kidole kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndipo mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, maana nyama itaharibika. Majeruhi na mfuko wake waondoke pamoja kwenda hospitali, saa hiyo hiyo.