Ndugu yetu aliyenata kwenye kamba ya boya

Kila muhula wa kwanza huwa nawapeleka wanafunzi wangu pwani siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Namwomba mwenye boti mmoja atuvutie kamba ya boya iliyokaa majini miezi kadhaa. Kamba hutoka imenenepa kama paja: mwani, chaza wachanga, sponji, kaa wadogo wanaokimbilia upande wa kivuli, na katikati yao vifundo laini vya ukubwa wa kidole gumba, vingine vyeupe kama maziwa, vingine kahawia. Ukikibinya kimoja, kinakutemea maji usoni.

Hapo ndipo ninapouliza swali langu la kila mwaka. Kati ya viumbe wote walioshikilia kamba hii, nani ni ndugu yako wa karibu zaidi? Karibu wote huchagua kaa. Ana macho, ana miguu, anakimbia akikuona. Mwaka huu mmoja aliniuliza, "Madam, hicho kinachotema maji si mmea?" Nikamkabidhi akishike.

Kifundo kile ni asidia, na ndiye jibu. Kaa yuko mbali nasi sawasawa na mende. Asidia yumo ndani ya ukoo wetu hasa, ukoo wa kordata, pamoja na papa, chura, kuku, ng'ombe na wewe unayesoma hapa.

Shuleni tulikaririshwa kwamba wanyama ni mafungu mawili, wenye uti wa mgongo na wasio nao. Mgawanyo huo unasaidia kujibu mtihani, lakini unapita katikati ya familia moja na kuikata vipande. Uti wa mgongo, yaani zile pingili za mfupa, ulikuja baadaye. Ukoo ulikuwepo kabla yake, na wapo wanaukoo wanaoishi mpaka leo bila pingili hata moja: asidia na jamaa zake, jumla yao spishi 3,000 hivi, na amfioksi, ambao ni spishi 30 hivi tu. Hao ndio ninaotaka tuwaangalie.

Kinachotuunganisha ni nini basi? Kwanza ni notokodi. Huu ni ufito unaonyumbulika, uliolala mgongoni kwa urefu wa mwili. Kwa wengi wetu umetengenezwa kwa seli zilizojaa majimaji na kufungwa ndani ya ala ngumu, kama mpira wa kumwagilia bustani uliojazwa maji ukakakamaa. Kazi yake ni rahisi kuelezwa. Misuli ya upande mmoja ikijikunja, mwili hauwezi kufupika kwa sababu ufito unaukatalia, unapinda tu. Misuli ya upande wa pili ikifuata, mwili unapindia huko. Hapo mnyama anaogelea.

Wewe pia ulikuwa nayo. Iliundwa katika wiki ya tatu ya mimba, kabla mama yako hajawa na hakika kama ana mimba. Baadaye pingili zikajengwa kuizunguka na kuibana, na mabaki yake yakabaki katikati ya disiki, kati ya pingili na pingili. Mtu anapoambiwa hospitalini kwamba disiki yake imechomoza na inabana neva, kile kiini laini kilichochomoza asili yake ni notokodi. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba maumivu ya mgongo ya babu zao yana historia ndefu kuliko mifupa yenyewe.

Juu ya notokodi umelala ugwe wa neva, nao una uwazi ndani kama mrija. Hili la kukaa mgongoni ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ukimsafisha kamba (nasema kamba wa kuliwa), ule uzi mweusi unaouchomoa mgongoni ni utumbo wake. Ugwe wake wa neva umepita upande wa tumbo. Kaa, panzi na mnyoo wa ardhini wako vivyo hivyo. Kwa kordata mpangilio umegeuka: neva juu, utumbo chini.

Kisha kuna nyufa za koromeo, ambazo kwa samaki huwa matamvua, na kwetu hujitokeza kwa muda mfupi tu tukiwa kiinitete kama vifuko vya shingoni, halafu zikageuzwa kuwa vitu vingine, zikiwemo sehemu za sikio na tezi za shingo. Kuna mkia unaoendelea kupita tundu la haja kubwa. Na kuna endostaili.

Endostaili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni mfereji ulio kwenye sakafu ya koromeo la asidia na amfioksi. Unatoa ute unaosambaa kama wavu wenye matundu madogo sana na kunasa chembe za chakula ndani ya maji yanayopita. Chembe na ute husokotwa kuwa uzi mmoja, uzi ukamezwa. Lakini mfereji huo huo unakamata pia madini joto kutoka baharini na kuyaunganisha na protini, kazi ambayo katika shingo yako inafanywa na tezi ya thairoidi. Ushahidi wa undugu wao unaonekana kwa lampri, samaki asiye na taya: akiwa mchanga ana endostaili, na akibadilika kuwa mpevu, endostaili hiyo inageuka kuwa thairoidi. Kwa hiyo unaponunua chumvi yenye madini joto ili watoto wasiote rovu, unailisha tezi iliyoanza kama chujio la chakula baharini.

Sasa tumtazame amfioksi. Ana urefu wa sentimita 5 hivi, anapenyeza mwanga kama kipande cha nailoni, na jina lake la Kigiriki lina maana ya aliyechongoka pande zote mbili. Hujizika kwenye mchanga wa chengachenga na kuacha mdomo nje, akichuja maji kwa koromeo lenye nyufa zaidi ya 100. Mwaka 1774 mtaalamu wa wanyama Peter Simon Pallas alipelekewa mmoja, aliyekufa na kuhifadhiwa, kutoka Cornwall huko Uingereza, akamwandika kuwa ni koa. Simlaumu. Aliyeharibika kwenye pombe hana sura ya kumtetea.

Ukimweka aliye hai chini ya hadubini, hata hivyo, kila kitu kinajieleza. Chukua kipande cha nguru aliyechemshwa: nyama huachana kwa matabaka yaliyopinda. Kila tabaka ni fungu moja la misuli. Amfioksi wa Ulaya ana mafungu ya namna hiyo 60 hivi kila upande, kila moja limekunjwa kama herufi V iliyolazwa, na ya kushoto hayalingani na ya kulia, yamepishana nusu nusu. Notokodi yake inafika hadi ncha ya pua, jambo lisilotokea kwa mwingine yeyote katika ukoo, na inamfaa anapojichimbia mchangani. Tena yenyewe imepangwa kama sarafu zilizorundikwa, kila sarafu ni msuli unaoweza kukaza ufito. Na hapa kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, likaendelea kunishangaza nilipoliona: kwetu sisi ugwe hutuma neva kwenda kwenye misuli, lakini kwa amfioksi misuli ndiyo inayonyoosha mikia yake myembamba hadi kwenye ugwe kuchukua amri.

Hana fuvu, hana taya, hana mapezi ya pembeni. Hana moyo, bali mishipa inayojikunja yenyewe kusukuma damu isiyo na rangi. Ubongo wake ni uvimbe mdogo tu kwenye ncha ya ugwe, na vidoa vinavyohisi mwanga vimepangwa ndani ya ugwe wenyewe, kwa vile mwili unaupitisha mwanga. Anapokuwa lava, yaani mchanga ambaye hajabadilika kuwa mpevu, mdomo wake uko ubavuni upande wa kushoto. Huko Xiamen, China, wavuvi walikuwa wakimvua kwa wingi na kumla, mpaka tuta la barabara lililojengwa baharini miaka ya 1950 likabadili mikondo na mchanga, na uvuvi huo ukafifia.

Kwa asidia mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mpevu ameficha karibu kila kitu. Shika wembe, kata lile koti la nje. Ni gumu, linateleza kidogo, linakatika kama ngozi ya embe iliyokauka. Limetengenezwa kwa selulosi, dutu ile ile ya pamba na mbao. Hakuna wanyama wengine wanaojitengenezea selulosi. Jeni ya kazi hiyo mababu zao waliipata kutoka kwa bakteria. Ndani ya koti utakuta kikapu cheupe kilichojaa vitundu vinavyopepesa vinyweleo. Kikapu hicho ndicho koromeo, na kimechukua karibu mwili mzima. Maji huingia kwa tundu la juu, yanapita kwenye kikapu, yanatoka kwa tundu la pembeni. Notokodi hutaiona. Ugwe hutauona. Mkia haupo. Ndiyo maana wataalamu wa zamani waliwaweka fungu moja na chaza na konokono.

Aliyetegua kitendawili hiki ni mwanasayansi Mrusi, Alexander Kowalevsky. Mwaka 1866 alichapisha alichokiona alipofuatilia mayai ya asidia hatua kwa hatua, na mwaka uliofuata akachapisha ya amfioksi. Kutoka kwenye yai la asidia hakutoki kifundo. Anatoka kiluwiluwi.

Nimewatazama mara nyingi na bado nanyamaza kidogo kila ninapowatazama. Ana urefu wa milimita moja. Ana kichwa, ana mkia, na katikati ya mkia imenyooka notokodi ya seli 40 kamili, zimepangana kama ushanga, unaweza kuzihesabu. Juu yake ugwe wa neva, pembeni misuli. Kichwani kuna jicho moja dogo na chembe nzito inayomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa spishi iitwayo Ciona intestinalis watafiti wamechora ramani ya mfumo mkuu wa neva wote wa kiluwiluwi mmoja, wakahesabu seli za neva 177. Mdomo wake haujafunguka, hali chochote. Kazi yake ni moja, kutafuta mahali pa kukaa, na ana saa chache tu za kuifanya.

Akipata jiwe, mzizi wa mkoko au kamba ya boya, anajibandika kwa kichwa. Mkia unavutwa ndani na kusagwa, notokodi inapotea, viungo vinazunguka hadi mdomo unaangalia juu, na kikapu kinakua. Wengi hupenda kusema kwamba asidia anakula ubongo wake mwenyewe. Naomba tuache kusema hivyo. Ubongo wa kiluwiluwi kweli huvunjwa, lakini mpevu hujenga fundo jipya la neva kati ya matundu yake mawili, na Ciona akinyofolewa fundo hilo huliotesha tena. Hakuacha kufikiri kwa uvivu. Amebadilisha kazi, na amebaki na vifaa vya kazi aliyo nayo.

Kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vilisema amfioksi ndiye wa karibu nasi, kwa kuwa anafanana na samaki, na asidia ni jamaa wa mbali. Mwaka 2006 kundi la watafiti lililolinganisha jeni 146 lilipata kinyume: asidia na wenzake ndio wa karibu zaidi na wenye uti wa mgongo, amfioksi ndiye aliyejitenga mapema. Matokeo hayo yamesimama hadi leo. Fikiria ndugu wa tumbo moja aliyehamia mjini akabadili mavazi na lafudhi, na binamu aliyebaki kijijini anayezungumza vilevile kama bibi. Ukisikiliza sauti tu utamwita binamu ndugu. Jenomu ya asidia, yaani jumla ya maelekezo yake ya urithi, imebadilika kwa kasi na kupoteza mengi, wakati ya amfioksi, iliyochapishwa mwaka 2008, imetunza mpangilio wa kale. Jeni za Hox, zinazopanga mwili kutoka kichwani hadi mkiani, kwa amfioksi ziko kwenye mlolongo mmoja. Kwetu milolongo ni minne, kwa sababu mababu zetu waliirudufu jenomu nzima mara mbili.

Wapo wengine ninaowapita haraka. Oikopleura, jamaa wa asidia, hubaki na mkia maisha yake yote na hujijengea nyumba ya ute anayoitupa na kujenga nyingine mara kadhaa kwa siku. Wapo asidia wanaolimbikiza vanadi, aina ya metali, katika damu hadi mara milioni 10 ya iliyoko baharini. Yuko Ecteinascidia turbinata, aliyetupa dawa ya saratani ya trabektedini. Na ukipiga mbizi kwenye miamba ya Unguja au Mafia, ile mitungi midogo myeupe yenye kijani ndani ni Didemnum molle, anayeishi na bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama majani yanavyofanya.

Lakini turudi kwa asidia wa kwenye kamba, tunaowabeba kwa ndoo. Tukifika maabara namchagua asidia aliye angavu, namweka kwenye sahani ya maji ya bahari, na kila mwanafunzi anakaa naye dakika 20 bila kumgusa. Chini ya kikapu kuna mrija mwembamba uliopinda: huo ndio moyo, hauna vali. Unapiga, na wimbi la mkunjo linatoka kushoto kwenda kulia, tena na tena. Waambie wahesabu. Baada ya mapigo mengi moyo unapunguza mwendo, unasimama. Chumba kizima hudhani amekufa. Kisha unaanza tena, na safari hii wimbi linatoka kulia kwenda kushoto, damu ile ile ikirudi njia iliyokujia. Yule aliyedhani ni mmea mwaka huu alihesabu mizunguko sita, akaomba arudishe mnyama wake mwenyewe kwenye kamba kabla maji hayajajaa.