"Mumesikia?" "Ndiyooo!"

Kila mwaka staji, yaani mazoezi ya kufundisha, zikianza, hunijia kijana mmoja au wawili wenye fishi safi (maandalizi ya somo) mkononi na uso uliosinyaa. "Mwalimu, nilifuata hatua zote, watoto walikuwa wanajibu vizuri, lakini zoezi limeanguka." Kazi yangu siku hizi ni kuwafuata stajiere kama hao katika shule za msingi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kabla sijaigusa fishi yao, huwa naomba kaye, yaani daftari, za watoto. Zote, mbaya zikiwa juu.

Desturi hiyo niliipata kwa aibu, mwaka 2009, nikiwa stajiere mimi mwenyewe, darasa la nne, watoto 54, watatu watatu kwenye kila dawati. Somo: kulinganisha sehemu za namba. Fishi yangu niliiandaa jioni tatu mfululizo: marejeo, motisha, uchambuzi, muhtasari, matumizi, kila hatua imepigiwa mstari kwa biki nyekundu. Nilichora hata chungwa kwenye karatasi la manila, nikalipaka rangi. Somo lenyewe lilikwenda kama wimbo. Nauliza, vidole juu. Mtoto anajibu, wenzake wanampigia makofi. Kila baada ya dakika chache nageuka kutoka tabloni, yaani ubaoni: "Mumesikia?" "Ndiyooo!" Sauti ilifika hadi darasa la jirani.

Msomaji wa mbali huenda hajui kwamba Kiswahili chetu cha huku kinatumia "kusikia" kwa maana ya kuelewa pia. Watoto wale hawakunidanganya basi. Walikuwa wamesikia.

Zoezi lilikuwa moja tu: panga 1/2, 1/8 na 1/4 kuanzia ndogo hadi kubwa. Nilisahihisha mapumzikoni chini ya mwembe, nikiwa na mandazi mkononi ambayo sikuimaliza. Waliopata walikuwa 9. Saba waliandika mambo yao, mmoja akiwa ameniandikia jina lake mara tatu. Waliobaki, 38, waliandika kitu kilekile: 1/2, 1/4, 1/8.

Niliyakusanya makaye nikitaka kuyaficha. Mama mwenye darasa, mwalimu wao wa kila siku, aliyekuwa amekaa nyuma kipindi kizima, akayachukua, akayapekua taratibu. Nilitegemea aniambie kwamba nilikwenda mbio, au mwandiko wangu tabloni ni mdogo. Akasema, "Wangekosa kila mtu kivyake ningesema hawakufuata. Hawa wamekosa pamoja. Kawaulize."

Nikamwita msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye kaye iliyofunikwa gazeti. Sikumwambia kwamba amekosa, Mama alinikataza. Nilimwomba tu anieleze. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Munane iko mukubwa kupita ine, mwalimu."

Basi. Mtoto amehesabu kwa namba nzima miaka mitatu, na miaka yote hiyo 8 imekuwa kubwa kuliko 4, amepewa alama kwa kusema hivyo, amepigiwa makofi. Halafu naja mimi na chungwa langu la rangi, nambatilishia sheria hiyo bila hata kumwambia kwamba nimeibatilisha. Wale 38 walikuwa wanafuata kanuni, tena kwa uaminifu.

Nimelifikiria sana tangu siku ile, na naona lugha nayo ilichangia. Nusu watoto wetu wanaijua kabla ya shule. Wanatumwa sokoni Kadutu nusu ya kitu wakarudi nayo sawasawa. Ila neno "nusu" halibebi namba yoyote ndani yake, kama vile demi (nusu) ya Kifaransa isivyo na deux (mbili). Tukifika kwenye huitième, sehemu ya nane, ghafla mtoto anasikia huit, yaani nane, na huit anaijua. Thumuni (1/8) ya watu wa pwani ingeweza kutusaidia, lakini sokoni kwetu sijaisikia.

Kesho yake niliacha karatasi la manila nyumbani. Nilinunua miwa, nikakata vipande vitatu vya urefu mmoja, nikavipima kwa rula mbele yao maana niliona macho ya mashaka. Kipande cha kwanza kwa watoto 2, cha pili kwa 4, cha tatu kwa 8. Kabla ya kukata, nikauliza nani anataka kuingia kundi la wanane. Darasa lililokuwa na vidole juu jana likawa kimya. Nikalazimika kuwachagua. Mvulana wa kundi hilo alipopewa chake alikiinua juu wote wakione: "Mwalimu, kangu kadogo!" Nikaandika 1/8 tabloni, papo hapo, pembeni ya malalamiko yake.

Kwa hiyo stajiere wangu nawakataza "mumesikia". Nawapa ardwazi, vibao vidogo vya kuandikia, badala yake, kwa utaratibu ambao walimu wa zamani wanaujua kwa jina la La Martinière: swali, kimya, kila mtoto anaandika, rula inagonga meza, ardwazi zote juu kwa pamoja. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yetu mengi yamejaa kupita kiasi, na sijaona njia nyingine rahisi ya kuona vichwa 80 kwa mara moja. Na kile kimya kisirukwe. Mmarekani Mary Budd Rowe aliwapima walimu miaka ya 1970 akakuta wanangoja majibu kwa sekunde 1 hivi. Waliposubiri 3, majibu yalirefuka na wasiojibu kabisa wakapungua. Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu, jamani. Mimi huzihesabu kwa kidole, mkono mfukoni.

Zoezi la siku ya miwa walipata 31. Nilifurahi, nikataka kufunga kipindi. Ndipo yule msichana wa kaye ya gazeti akainua kidole, akiwa bado anatafuna.

"Mwalimu, na kama muwa ya bale munane iko mulefu?"

Mama mwenye darasa alicheka kule nyuma hadi akafuta macho. Sikuwa na jibu tayari. Nikaliandika swali lake kwenye fishi, ile safu ya mwisho ya maoni ambayo sikuwahi kuijaza, na somo la keshokutwa likaanzia hapo.