Ukata wa klabu ni nini, na kwa nini huja msimu ukiwa katikati

Klabu ya soka yenye ukata si lazima iwe imefilisika. Ukata ni kukosa fedha taslimu za kulipa deni siku deni hilo linapofika. Klabu inaweza kuwa inamdai mdhamini, ina washambuliaji wawili wanaowindwa na timu za nje, hata ardhi yenye hati, na bado mwisho wa mwezi mchezaji asipate mshahara wake. Ukata ni suala la tarehe: fedha za kutoka zina siku yake, za kuingia huja kwa hiari ya mwingine. Uchumi unapoyumba, pengo kati ya siku hizo mbili ndilo linalopanuka kwanza.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Klabu ya Ligi Kuu ya Uganda ina wachezaji 25, na kila mmoja analipwa wastani wa shilingi milioni 1 kwa mwezi. Tayari ni milioni 25, na kocha, daktari na mtunza vifaa hawajaguswa. Ikicheza nyumbani mara mbili kwa mwezi, na kila mechi ikapata watazamaji 1,000 kwa kiingilio cha shilingi 10,000, itakusanya milioni 20. Humo humo walipwe polisi, gari la wagonjwa, uwanja kama ni wa kukodi, na watu wa mlangoni. Halafu kuna safari. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 480, kwenda tu. Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 6,000 kwa lita na nauli zikapanda kila upande. Klabu iliyosaini udhamini wa kiasi kisichobadilika ilisafiri umbali uleule kwa fedha zilezile, ilhali basi limekuwa ghali. Na shabiki aliyepandishiwa nauli ndiye huyohuyo aliyetarajiwa kununua tiketi.

Ndiyo maana klabu nyingi za Uganda haziishi kwa mapato ya mlangoni. Zinaishi kwa mfuko wa mtu au taasisi moja. KCCA inategemea mamlaka ya jiji la Kampala, URA inategemea mamlaka ya mapato, na polisi, jeshi na magereza wana timu zao. BUL ya Jinja ni ya kiwanda. Vipers ya Kitende imejengwa na Lawrence Mulindwa, rais wa zamani wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, hadi ikawa na uwanja wake yenyewe. Wengi huona klabu za taasisi ziko salama, na kwa mshahara wa mwezi huu ni kweli. Lakini mfuko mmoja ni mlango mmoja: ukifungwa, umefungwa wote. Uganda Commercial Bank iliwahi kuwa na timu iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1979. Leo timu hiyo haipo, na benki yenyewe iliuzwa kwa Stanbic mwaka 2002. Timu haikuwa na mizizi nje ya benki, ikakosa wa kuirithi.

SC Villa na Express zina tabu ya aina nyingine. Zina mashabiki tangu enzi za babu zao, ila mashabiki hao nao wana ada za shule za kulipa. Villa ilikaa miaka 20 bila ubingwa, kuanzia 2004 hadi 2024. Ukata haukuwa sababu pekee, lakini ni vigumu kujenga kikosi pale wachezaji wazuri wanapoondoka kila dirisha la usajili kwenda kwenye mshahara wa uhakika.

Runinga je? Mwaka 2018 StarTimes ilisaini na FUFA mkataba wa miaka 10 wa takriban dola milioni 7.24. Ni fedha kubwa mpaka uzigawe. Ni kama dola 724,000 kwa mwaka, na hata zingeenda zote kwa klabu 16 za ligi kuu, kila moja ingepata dola 45,000 hivi. Mkataba huo ulihusu pia ligi ya daraja linalofuata, kwa hiyo fungu halisi lilikuwa dogo zaidi.

Korona ilionyesha ukata huu waziwazi kuliko wakati mwingine wowote. Ligi ilisimama Machi 2020. Iliporudi Desemba, ilichezwa bila mashabiki, yaani gharama zote zikabaki na mapato ya mlangoni yakawa sifuri. Msimu huo nao ukakatizwa, na Express ikatangazwa bingwa Julai 2021 kabla mechi zote kuchezwa.

Ukata una ngazi zake, na anayefuatilia timu anaweza kuzihesabu. Posho ya mechi huchelewa. Kambi hufutwa, wachezaji wakatokea majumbani kwa boda siku ya mchezo. Timu iliyozoea kusafiri siku moja kabla huondoka alfajiri ya mechi, ikashuka kwenye basi na kuvaa jezi. Kisha mshahara wa mwezi mmoja, wa pili. Mwishowe mazoezi yanagomewa, na viongozi huanza kusema wachezaji hawana nidhamu. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu anayegoma amekwisha kuikopesha klabu miezi miwili ya kazi bila riba. Kusajili wapya huku waliopo wanadai ni dhuluma, hata kama usajili huo unaleta ushindi.

Sheria iko upande wa mchezaji. Kanuni za FIFA, tangu 2018, zinasema klabu isiyolipa mishahara ya miezi miwili bila haki ipewe notisi ya maandishi ya siku 15. Isipolipa, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Deni la mchezaji au kocha wa kigeni likifika FIFA na klabu ikakaidi uamuzi, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Kwa kijana wa nyumbani, njia huanza FUFA, na huko kitu cha kwanza kutakiwa ni mkataba ulioandikwa na kusajiliwa.