Mgonjwa wa nyumbani: anza na kisigino

Ukibisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kitandani hapa Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au Chumbageni, aghalabu hupokewa na harufu ya udi. Sakafu imedekiwa, shuka imenyooshwa, mgonjwa kavishwa kanga safi. Mgeni hukaa kidogo, kisha huaga akisema, "Mashaallah, mama anatunzwa." Sisi wauguzi tunaopita majumbani tumejifunza kutoishia hapo. Shuka hutandikwa upya mgeni akiwa bado barazani. Ngozi haina haraka hiyo.

Bibi mmoja wa Ngamiani alipooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa nifunue kanga miguuni. Kisigino cha kulia kilikuwa na baka lenye ukubwa wa sarafu, jeusi kuliko ngozi ya jirani yake. Nililigusa kwa mgongo wa mkono: lilikuwa la moto, gumu.

"Bibi, usiku unageuzwa mara ngapi?"

"Nigeuzwe na nani, mwanangu? Mie nalala chali mpaka adhana ya alfajiri."

Hicho ni kidonda cha mgandamizo kikiwa njiani. Mfupa unabana nyama, damu haipiti, nyama inaanza kufa. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Kwa hiyo pima kwa mkono: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu au pateketeke? Kagua visigino, kitako pale juu ya mfereji wa makalio, nyonga, mabega, hata masikio. Baka kama hilo usilisugue kwa mafuta ya nazi, maana kusugua huzidi kuumiza nyama ya ndani. Weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro, mgeuze mgonjwa kila baada ya saa 2 hivi, na uwaarifu watu wa zahanati.

Kuhusu chakula, usiulize tu kama anakula. Kaa umwone akila. Aliyepata kiharusi akilishwa uji amelala, uji unaweza kuingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Aketishwe wima, abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, au sauti yake ikawa ya majimaji, mpelekeni akaangaliwe. Futi ya fundi cherehani nayo inasaidia: kwa mzee, shavu la mguu lenye mzunguko uliopungua chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli inakwisha, ila mguu uliovimba hudanganya.

Vipimo vya kitaalamu vipo. Kile cha Barthel, cha mwaka 1965, huangalia mambo 10, kama kula, kuoga na kwenda chooni, kwa alama 0 hadi 100, na alama ndogo ni ya anayehitaji msaada zaidi. Nakitumia na nakiheshimu. Lakini kinapima mgonjwa anaweza nini, hakipimi anavyotendewa. Wagonjwa wawili wenye alama 20 wanaweza kuwa mmoja anaogeshwa mlango umefungwa, kafunikwa kanga, anaambiwa kabla ya kuguswa. Mwingine anavuliwa mbele ya wajukuu. Mmoja anasaidiwa kutawadha au kutayamamu, mwingine hajaswali tangu augue, naye hiyo ndiyo inayomliza. Haya huyapati mpaka umuulize mwenyewe, mkiwa wawili tu.

Kisha muulize na anayemuuguza. Kwa yule bibi alikuwa mjukuu wake, binti wa miaka 19, peke yake usiku na mchana kwa miezi minne. Hakuwa mzembe hata kidogo. Nilipomuuliza analala saa ngapi, alilia. Ukipima huduma ya nyumba ukamsahau huyu, hujapima kitu. Tuliwaita wana wote wa bibi, tukakaa nao barazani.

Niliporudi baada ya wiki mbili, baka lilikuwa limepoa na kulainika. Ukutani palibandikwa karatasi ya daftari: saa 4 usiku, kushoto, saa 6, chali, saa 8, kulia. Penye saa 8 paliandikwa jina la mjomba.